Kengele ya Pili

Siku za kazi, mume wa Mama Pazia alikuwa mtu wa kawaida kabisa. Alikuwa msoma mita za maji. Alizunguka mtaa hadi mtaa na kofia yake ya kitambaa, akibisha mageti ya watu, akiinama kwenye visanduku vilivyojaa buibui, anaandika tarakimu, anaaga. Shida ilikuwa macho. Mtu anayeingia nyua za wenzake kutwa nzima huona mengi: hapa kibanda cha mbao kilichotambaliwa na maua, pale bomba linalomwagilia huku linajizungusha lenyewe, kule benchi la bembea. Wengine huona wakapita. Yeye aliona akabeba kichwani, na Jumamosi ikifika, lo, mkewe alikuwa anaipata.

Jumamosi alikuwa fundi. Fundi wa nini? Wa kila kitu, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Alipiga rafu ya jikoni ikainamia kushoto, mkebe wa sukari ukawa unahama wenyewe mpaka ukutani. Alitoboa mpira wa maji kwa msumari wa moto ili amwagilie bustani yote kwa mara moja. Ukamwagilia nguo za jirani zilizoanikwa upande wa pili wa ukuta. Mbegu za karoti alizimimina kama mtu anayetia chumvi, zikaota zimekumbatiana, nyembamba kama vidole vya mtoto. Mlango wa stoo hadi leo haufunguki mpaka uuinue kidogo kwanza, na mgeni asiyejua anaweza kushinda humo. Na kila kazi ilibakiza kitu: skrubu moja, kona moja, mkono mmoja wa rangi. Ukimuuliza, jibu lake lilikuwa lile lile. "Kesho." Mtaa mzima ukamwita Fundi Kesho, naye akaitika, tena kwa kucheka.

Mkewe alishona mapazia, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alifanya kazi kwenye karakana kubwa yenye meza ndefu, wakishonea mahoteli na maofisi. Pindo lake lilinyooka hata bila mstari wa chaki, na msimamizi akitaka kumwonyesha mfanyakazi mgeni kazi safi ilivyo, alimleta kwenye cherehani ya Mama Pazia. Mwanamke wa namna hiyo aishi na rafu iliyoinama! Watu walimuuliza anavumiliaje. "Ningetaka fundi ningeolewa na fundi," alijibu. Lakini alikuwa anasema tu. Kuna Jumamosi alizotamani kumrushia nyundo.

Banda la kazi lilikuwa mwisho wa bustani, nyuma ya matuta ya nyanya. Fundi Kesho alichoka kupaza sauti kila alipotaka mtu wa kumshikia ubao, kwa hiyo akatengeneza kengele. Kengele yenyewe ilikuwa ndogo, ya shaba, aliiokota sokoni kwenye vitu vikuukuu. Aliitundika kwa springi juu ya dirisha la jikoni, akaifunga kamba ya nailoni, akaipitisha kamba juu ya vigingi bustani nzima hadi ndani ya banda. Humo ikapita kwenye pete ya chuma iliyopigwa ukutani juu, ikaning'inia. Mwishoni alifunga kile kigogo cha mbao kinachobaki uzi wa cherehani ukiisha, alichokiiba kwenye kikapu cha mkewe. Ukivuta kigogo, jikoni inalia. Ajabu ni kwamba ilifanya kazi. Hata yeye alishangaa.

Basi ikawa adhabu. Kengele ililia kwa kila kitu. Bosi, njoo ushike hapa. Bosi, njoo uone kiota cha ndege. Bosi, njoo uniambie hii rangi ni ya kijani au ni macho yangu yameanza. Siku moja alimkimbiza mwenzake mikono imejaa povu la sabuni, kumbe anataka kumwonyesha kivuli cha jani ukutani kilichofanana na mjomba wake. Ndipo Mama Pazia akaweka sheria: kengele ya kwanza haendi mtu. Kama ni upuuzi, mwenyewe atasahau. Kama ni kazi kweli, atavuta tena.

Sheria ikakaa nyumbani kama fanicha. Fundi Kesho aliijua na kuitania. "Bosi wangu haamki kwa kengele ya kwanza," aliwaambia wageni. Watoto wao wawili walikulia ndani ya sheria hiyo, hadi leo ukiwaita mara moja hawageuki. Binti anauza rangi za nyumba dukani, na wenzake humo wanalalamika kwamba huyu dada anaringa, mpaka jina lake litajwe mara mbili.

Sasa, Jumamosi yenyewe. Ilikuwa mchana, jua kali, redio inaongea peke yake. Mama Pazia alikuwa mezani jikoni akipinda pazia la sebule yake mwenyewe, kazi aliyoahirisha muda mrefu kwa sababu ya mapazia ya watu. Kengele ikalia. Anakumbuka alisema kwa sauti, "Haya, leo mjomba gani tena?" Akaendelea na pindo. Akasikilizia ya pili. Haikuja, akafurahi. Hilo ndilo linalomuua: alifurahi kwamba leo ameachwa amalize kazi yake kwa amani.

Alipomaliza alichemsha chai akaipeleka mwenyewe bandani. Akamkuta amekaa chini juu ya mto mkuukuu, mgongo umeegemea ukuta, miguu kainyoosha, kama mtu anayepumzika. Kikombe hakikumponyoka. Alikiweka juu ya benchi la kazi vizuri kabisa, ndipo akapiga kelele.

Moyo, daktari alisema. Akasema tena kwamba mambo kama hayo huenda haraka. Watu walimshika mikono, wakamwambia hata angekuwepo asingeweza kitu. Akaitikia kwa kichwa. Habari ya kengele hakumwambia mtu, si binti, si mwanawe, si jirani. Angeanzaje? Angesema nini, kwamba mume aliita na mke akaendelea kushona?

Akabaki na swali moja. Kwa nini hakuvuta tena? Sheria aliijua. Kama alikuwa anakufa, mbona hakuvuta ya pili? Labda ile moja ilikuwa ya mzaha kweli na alikuwa bado mzima. Siku nyingine aliliamini hilo mpaka saa ya chai. Kisha linakuja lile lingine: alivuta, akangoja, akaona mkewe haji, akakata tamaa naye. Akaacha tu. Mama Pazia aliweza kumwona anavyoacha, mkono unavyoshuka mapajani. Kuishi na mtu miaka yote ile halafu mwishoni kabisa akukatie tamaa! Alikuwa akifikia hapo anainuka, anatafuta kitu cha kuosha.

Na kengele yenyewe ikamgeuka. Tangu siku ile haikukaa wima. Ilibaki imelala upande, springi imenyooka yote, kamba imekaza, vile inavyokuwa pale tu mtu anapovuta. Lakini mtu akivuta huachia. Hii haikuachiwa. Ukiitazama ungeapa kuna mkono upande wa pili, ndani ya banda lililofungwa kwa kufuli, umeshikilia kamba na haujachoka. Mama Pazia alioshea vyombo chini ya dirisha lile macho yamezama kwenye maji. Aliifunika kwa kitambaa cha vyombo. Kitambaa nacho kikaning'inia upande. Angeweza kuikata kwa mkasi, mikasi anayo ya kila aina. Mkono haukuthubutu.

Ikaanza kumfuata hadi kazini. Cherehani za watu wote zinanguruma, naye katikati ya kelele hizo anaisikia: moja. Anaondoa mguu kwenye pedeli. Anainua kichwa, anasikilizia.

"Mama Pazia, umeitwa na nani?" wenzake humuuliza.

"Na baba yako," anajibu, na wao hucheka, kwa sababu ulimi wake wanaujua. Lakini pindo zake zilikuwa zimeanza kuyumba. Msimamizi alizifumua kimya kimya akazishona upya mwenyewe, akajifanya haoni. Wageni hakuwaleta tena kwenye cherehani ile. Mama Pazia alijua vizuri mambo yanakoelekea. Akili ilikuwa inamchomoka kidogo kidogo, na hakuwa na wa kumwambia aishike.

Mwaka ulipopita, binti alikuja Jumamosi moja na glavu, mkasi wa bustani na sauti ya mtu aliyeamua.

"Mama, bati la banda limeachia. Mvua ikianza vitu vyote vya baba vinaoza. Leo tunatoa."

"Kesho," mama akasema.

Binti akamwangalia. "Heh! Na wewe umekuwa Fundi Kesho?"

Walicheka wote. Binti akaenda kunawa mikono, akaona kitambaa dirishani, akakivuta kabla mama yake hajasema neno.

"Mbona kengele imelala hivi?"

"Iache."

"Ni ule mpesheni. Umepanda kamba yote, umeielemea. Subiri."

Alitoka na mkasi. Kweli, mpesheni alioupanda marehemu ulikuwa umeacha mahali ulipowekewa pa kutambalia, ukajichagulia kamba ya kengele. Binti aliukata kigingi kwa kigingi, matunda mabichi yakidondoka kwenye nyanya zilizokauka. Mama Pazia alisimama jikoni, macho kwa kengele. Alitaka sana iwe ni mpesheni. Maskini, aliomba kabisa, midomo ikicheza. Mzigo wa mwisho ukaanguka, kamba ikawa tupu kuanzia dirishani hadi bandani. Kengele haikusogea. Ikabaki vile vile, imelala, imeshikwa.

"Basi imekwama huko ndani," binti akasema akiingia. "Nipe ufunguo."

"Usiende!" Ilitoka kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Binti akarudi hatua nyuma. "Niachie mimi, mwanangu. Wewe weka maji ya chai."

Bahati nzuri simu ya binti ikalia, alikuwa kaka yake, na hao wawili wakianza kuongea hawana breki. Mama Pazia akachukua ufunguo nyuma ya mkebe wa sukari. Akapita kati ya matuta akiifuata kamba, kigingi baada ya kigingi. Kufuli lilikuwa na kutu. Alilizungusha, likagoma, akalitukana kwa jina la mumewe, likafunguka.

Hapakuwa na mtu. Aseme kweli, sehemu fulani ya moyo wake ilimtarajia. Kulikuwa na harufu ya mbao na gundi, na mwanga ukishuka pale bati lilipoachia. Katikati ilisimama meza ya kukatia vitambaa aliyoahidiwa miaka nenda rudi, imekamilika kabisa isipokuwa mguu mmoja. Kikombe chake cha chai kilikuwa bado kwenye benchi, chai imekaukia ndani. Na chini, mto ule ule.

Macho yake yakaitafuta kamba. Kigogo hakikuwa mahali pake. Siku zote kilining'inia usawa wa paji la uso, yeye mwenyewe alikigonga kwa kichwa mara nyingi. Sasa kilikuwa chini, shubiri moja tu juu ya sakafu, kando ya mto.

Mama Pazia akashika benchi. Mtu hashushi kamba ya kengele mpaka sakafuni kwa sababu ya mbao. Mtu huishusha kwa sababu kuna siku anajikuta yuko sakafuni. Akakumbuka ile pumzi fupi ya mumewe siku za mwisho, na mkono wake uliokuwa ukipapasa kifua. "Vumbi la mbao tu, Bosi." Vumbi la mbao! Kumbe alikuja kukaa hapa chini mara nyingi, akajiletea na mto, akajitengenezea kengele ya kuitia akiwa hawezi kusimama, na jioni akarudi ndani akauliza chakula kama kawaida. Hasira ikampanda mpaka masikioni.

"Mwongo mkubwa wewe," akauambia mto. "Mwongo wa kutupwa."

Kisha akatazama juu, kama mshonaji anavyotazama mshono, akaona kazi ilivyofanywa. Ili kamba ifike chini, Fundi Kesho hakuwa amefunga kamba mpya. Thubutu! Aliikata juu, karibu na pete, akaunga kipande katikati kwa fundo. Fundo likakaa nyuma tu ya pete, upande wa jikoni. Na sasa lilikuwa mbele ya pete. Lilikuwa limelazimishwa kupita kwenye kile kitundu, na upande wa pili likagoma kurudi.

Alipanda juu ya kasha la misumari, akalisukuma fundo kwa dole gumba. Likapita. Kamba ikamkimbia vidoleni, na kwa mbali, jikoni, kitu cha shaba kikagusa dirisha taratibu kikatulia.

Akashuka. Akakaa pale juu ya mto, mgongo ukutani, miguu mbele, pale pale. Akakishika kigogo, akavuta.

Kengele ikalia jikoni, safi kabisa. Moja.

Akavuta tena. Kamba haikutikisika. Juu, fundo lilikuwa limeshapita tena kwenye pete na kukwama, na springi ya jikoni haikuwa tena na pa kunyookea. Akavuta kwa nguvu. Akavuta kwa mikono miwili mpaka nailoni ikamkata viganja. Kimya. Akaangalia ukuta kando ya kigogo, akaona alama ambazo hakuzijali mwanzo: rangi imechubuka, mchubuko juu ya mchubuko, mahali ambapo kigogo kiligonga, kikagonga, kikagonga.

Angeweza kumwita binti kwa mdomo. Hakuita. Alitaka kujua ni muda gani. Kupitia mlango uliokuwa wazi alisikia kila kitu cha jikoni, maana jikoni si mbali, hatua chache tu kupita nyanya: kijiko, kifuniko cha sufuria, binti akimwambia kaka yake, "Wee, acha uongo!" na kucheka. Kicheko kizuri, cha mtu asiye na habari. Mama Pazia alikisikiliza akiwa chini pale, kigogo mkononi. Ni muda mrefu. Asikudanganye mtu kwamba ni haraka.

Hatimaye binti akatokea mlangoni na vikombe viwili. "Mama, ulivuta? Nilisikia moja, nikawa nangoja ya pi..." Akaona mama yake alipokaa. "Mama! Vipi? Umeanguka?"

"Njoo uvute."

"Nini?"

"Vuta hapa."

Binti akaviweka vikombe juu ya meza iliyokosa mguu mmoja, vikaanza kuteleza, akaviwahi, akavihamishia kwenye benchi. Akapiga magoti akavuta kigogo. Akavuta tena. "Mbona haisogei?"

"Inalia mara moja tu. Halafu fundo linakwama." "Siku ile nilisikia moja. Nilikuwa na pindo mkononi. Nikangoja ya pili, mwanangu. Mwaka mzima nimekuwa namuuliza kwa nini hakuvuta ya pili." Akaweka kidole kwenye ule mchubuko ukutani. "Alivuta."

Binti alikuwa anautazama mlango aliotoka kuuingia, na njia ya kwenda jikoni, na vikombe. Kisha akakaa chini kando ya mama yake, akamwegemea kama zamani, wakalia hapo wote wawili bila kubembelezana.

Binti ndiye aliyeiona, alipoinuka kutafuta kitu cha kupangusia kamasi. "Mama, hii ni ya nini?"

Kwenye benchi, karibu kabisa na kikombe kile cha mwaka jana, palikuwa na pete ya chuma, mpya, kubwa mara mbili ya ile ya ukutani. Skrubu zake mbili zimewekwa kando, na bisibisi, vimepangwa vizuri vikisubiri. Mama Pazia aliishika, akaipima kwa macho na lile fundo. Lingepita humo, likaenda na kurudi, bila shida yoyote. Fundi Kesho alishajua. Ilishamkwamia siku nyingine, akaona kosa, akaenda akanunua pete, akaiweka tayari.

"Kesho," Mama Pazia akasema.

Kicheko kikamtoka, kibaya, nusu yake kilio. Skrubu mbili tu! Alimchukia kwa skrubu zile mbili, na alimpenda mpaka mbavu zikamuuma, na hapakuwa na mahali pa kuyapeleka yote mawili. Akapanda kwenye kasha. Akang'oa pete ndogo, akaipachika kubwa, akazikaza skrubu zote mbili mpaka mwisho, akajaribu kwa kidole kama zinacheza. Hazikucheza. Kazi ya kunyooka, ya kwanza kumalizika ndani ya banda lile.

"Ngoja niende jikoni nikusikilizie kama inalia," binti akasema, ameshageukia mlango.

"Kaa hapa."

Mama Pazia akashuka, akakaa juu ya mto, akashika kigogo. Akavuta. Ikalia. Akaachia, akaona fundo likirudi zake kupitia pete, polepole. Akavuta tena, na ya pili ikalia, wazi, jikoni ambako hapakuwa na mtu.

"Nakuja," akasema, akaanza kuinuka.